Mganga Hajigangi: Lugha za Kuandikia Zana za Vifurushi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwasifu waundaji wa vyombo vya baharini, lakini inawafaa vilevile waundaji wa vyombo vya tarakilishi. Mwanafunzi anayeketi kuchapa tasnifu yake huyaona maandishi yakitiririka kiwamboni. Haoni tabaka za programu zilizolaliana chini ya maandishi hayo, wala hajiulizi zilifikaje humo, zililetwa na nini, na hicho kilichozileta kiliandikwa kwa lugha gani. Ilhali swali hili la mwisho ni swali la lugha, na kila swali la lugha linamhusu mwanafunzi wa lugha.

Mjadala kuhusu Kiswahili na tarakilishi umeelekea zaidi kwenye sura ya nje ya mashine. Mwaka 2004, kwa mfano, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na kazi hiyo inastahili heshima. Lakini chini ya sura hiyo kuna lugha nyingine, zile zilizobuniwa ili binadamu aiamuru mashine. Nazo zina wasemaji wengi au wachache, zina fasihi yake, zina vijana wanaozishabikia na wazee wanaozililia. Nazo pia huchaguliwa na kukataliwa.

Kwa zaidi ya miaka 30, waundaji wa mifumo endeshi huru wamebishana kuhusu lugha ya kuandikia chombo kimoja mahususi: zana za kusimamia vifurushi. Dai la makala haya ni kwamba lugha ya chombo kama hicho haifai kuchaguliwa kwa uzuri wake tu. Inapasa kuchaguliwa kwa kumfikiria yule atakayekitengeneza siku nyumba nzima imebomoka, na yule ambaye uchaguzi wenyewe utamwacha nje ya mlango.

Kifurushi na Mnyapara Wake

Mfumo endeshi kama Debian, ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, si programu moja. Ni makumi ya maelfu ya vifurushi vilivyoandaliwa na watu wa kujitolea kutoka pembe nyingi za dunia. Kila kifurushi ni bunda lenye programu yenyewe, nambari ya toleo lake, na orodha ya vifurushi vingine ambavyo bila hivyo hakiwezi kufanya kazi. Vipo pia vifurushi visivyopatana, ambavyo kimoja kikiingia kingine sharti kitoke. Anayetaka kulielewa jambo hili na aufikirie mwaliko wa harusi: shangazi akialikwa hana budi kuja na binamu, binamu hasafiri bila nyanya, na nyanya hakubali kuketi meza moja na jirani fulani.

Anayepanga harusi hiyo ndiye mnyapara wa vifurushi. Katika Debian, kazi imegawanywa. Zana ya chini, dpkg, hukifungua kifurushi, hukiweka mahali pake na kuandika katika daftari kuwa kimeingia. Zana ya juu, APT, huvitafuta vifurushi mtandaoni, huhakiki kuwa havijachezewa, na kupiga hesabu ya nani aje na nani. Ubuntu, mfumo uliozaliwa mwaka 2004 na ambao jina lake ni ndugu wa damu wa neno letu “utu”, ulirithi zana hizo kutoka kwa Debian.

Hesabu hiyo ya mwaliko si rahisi kama inavyoonekana. Katikati ya miaka ya 2000, watafiti wa mradi wa EDOS, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, walithibitisha kuwa kuamua kama kifurushi fulani kinaweza kusakinishwa ni miongoni mwa matatizo yanayojulikana kwa ugumu wake katika nadharia ya ukokotoaji. Isitoshe, mnyapara huyu hufanya kazi kwa mamlaka ya juu kabisa. Anaweza kuandika na kufuta faili yoyote mashinani. Akikosea, hakuna aliye juu yake wa kumrudi.

Basi kazi hii inadai lugha ya namna gani? Inadai lugha nyepesi, maana zana yenyewe hutangulia vyote. Inadai lugha salama, maana zana hushika funguo zote. Inadai lugha inayosomeka, maana watakaoirithi hawakuwapo ilipoandikwa. Tatizo ni kwamba sifa hizi tatu hazijapata kukutana kwa urahisi katika lugha moja.

Tafsiri na Ukalimani

Kabla ya kwenda mbali, yafaa kutofautisha mambo mawili ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili ameyasoma, ila hakuambiwa kuwa yanahusu mashine pia. Mfasiri hushughulikia matini mara moja, akaikabidhi, akaenda zake. Msomaji hamhitaji tena. Mkalimani, kwa upande mwingine, lazima awepo ukumbini kila mazungumzo yanapofanyika. Asipofika, wazungumzaji hubaki kutazamana.

Lugha za programu hugawanyika vivyo hivyo. Programu iliyoandikwa kwa C, lugha iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, hufasiriwa mara moja hadi lugha ya mashine yenyewe, na kompaila iliyoifasiri haihitajiki tena. Programu iliyoandikwa kwa Perl au Python huhitaji mkalimani kila inapoendeshwa. Mkalimani huyo naye ni programu, ana uzito wake, ana matoleo yake, ana vitegemezi vyake. Tofauti hii ndiyo kiini cha kisa kizima.

Perl yenyewe ina nasaba inayowagusa wanaisimu. Aliyeibuni mwaka 1987, Larry Wall, alisomea isimu katika chuo kikuu cha Berkeley, Marekani. Yeye na mkewe walinuia kuitafuta lugha isiyo na maandishi, pengine barani Afrika, na kuiundia mfumo wa kuandikia. Afya haikuruhusu, na azma hiyo ikafa. Badala yake alizalisha lugha ya mashine inayofanana na lugha ya watu: yenye njia nyingi za kusema jambo moja, yenye mikato, yenye kutegemea muktadha. Wapo waliomsifu kwa hilo na wapo waliomlaumu.

Zana ya dpkg ilianza mwaka 1994 kama mfululizo wa amri za kawaida za mfumo, kisha ikaandikwa upya kwa Perl, na mwaka huohuo Ian Jackson akaiandika upya sehemu yake kuu kwa C. Jirani yake, RPM ya kampuni ya Red Hat, iliyoundwa na Marc Ewing na Erik Troan, ilipita njia iyo hiyo. Toleo la kwanza la mwaka 1995 liliandikwa kwa Perl, na la pili likahamia C. Sababu moja ilikuwa ya kawaida mno. Wakati huo mifumo ilisakinishwa kwa disketi, na disketi moja haikubeba zaidi ya megabaiti 1.44. Zana ilipaswa kuingia humo pamoja na kila inachokihitaji. Perl ilikuwa mkalimani mnene asiyetosha kwenye kiti.

Kwa hivyo uamuzi uliokuja kuathiri mamilioni ya mashine haukufikiwa kwa mjadala wa ufasaha. Ulifikiwa kwa kupima nafasi. Mwanaisimu jamii hatalishangaa hilo, kwani anajua ni mara ngapi lugha za watu zimepandishwa au kushushwa kwa sababu ya bajeti, ya mitambo ya uchapishaji, au ya idadi ya walimu waliopatikana.

Hata hivyo, Perl haikufukuzwa. Ndani ya Debian, zana za kuandaa vifurushi zinaendelea kutumia Perl hadi leo, na mkalimani wake wa kiwango cha chini huhesabiwa miongoni mwa vifurushi ambavyo mfumo hauruhusiwi kuvikosa. Kilichotokea ni mgawanyo wa majukumu: C kwa sehemu inayopaswa kusimama peke yake, Perl kwa sehemu inayoshughulika na maneno.

Ndugu wawili wa ukoo wa BSD wanaonyesha kuwa uamuzi wa aina hii hautoki kwenye lugha yenyewe. FreeBSD iliiondoa Perl katika mfumo wake wa msingi, na toleo la 5.0 la mwaka 2003 likatoka bila hiyo. Zana mpya za vifurushi za mfumo huo, zilizochukua nafasi ya zile za kale kikamilifu katika toleo la 10 la mwaka 2014, ziliandikwa kwa C. OpenBSD ilielekea upande wa pili. Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 2000, zana zake za C ziliandikwa upya kwa Perl, na Perl ikabaki katika mfumo wa msingi. Kwa FreeBSD, Perl ilikuwa mgeni aliyekula chakula cha wenyeji. Kwa OpenBSD alikuwa tayari mtu wa nyumbani, basi kwa nini asipewe kazi?

Ufasaha wa Python na Gharama Yake

Disketi zilipokwisha kusahaulika, tarakilishi zikawa na nafasi tele, na swali la ufasaha likapata sauti. Python, lugha iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ilipendwa kwa jambo moja: inasomeka. Mpangilio wa mistari yake ni sehemu ya sarufi yake, na mtu asiyeijua vyema huweza kukisia maana. Haikushangaza basi kwamba Yum, zana iliyokuzwa katika idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na Seth Vidal na Michael Stenner, iliandikwa kwa Python. Mfumo wa Gentoo nao uliichagua Python kwa zana yake ya Portage.

Faida yake ilikuwa kubwa. Msimamizi wa seva ambaye hangethubutu kugusa msimbo wa C aliweza kuufungua msimbo wa Yum, akauelewa, akatengeneza nyongeza yake mwenyewe. Lugha inayosomeka huongeza idadi ya watu wenye uwezo wa kurekebisha, na idadi hiyo ndiyo uhai wa programu huru. Lugha ya programu ikijua kusemwa na watano tu, programu hiyo ina maisha ya hao watano.

Lakini wahenga walinena pia kuwa mganga hajigangi. Fundi wa seva, kwa nia njema, huona kuwa Python iliyomo imezeeka. Huiondoa, au huweka mpya juu yake, halafu huamuru Yum imletee kifurushi kingine. Yum haijibu. Mkalimani wake ndiye aliyeondolewa. Njia ya kumrudisha mkalimani ni kukisakinisha kifurushi chake, na anayesakinisha vifurushi ni Yum, na Yum haiwezi kunena bila mkalimani. Kisa hiki kiliwapata wengi, na watumiaji wa Gentoo nao walijifunza kuishika Python kwa mikono miwili kama yai.

Red Hat ilitafuta dawa. Katika toleo la 8 la mfumo wake wa mashirika, la mwaka 2019, Python ya zana za mfumo ilitengwa na Python ya watumiaji. Zikawa mbili katika nyumba moja, moja ikifichwa ndani kwa ajili ya mnyapara peke yake. Dawa hiyo inafanya kazi, lakini inakiri ugonjwa.

Gharama ya pili ilitokana na mabadiliko ya lugha yenyewe. Lugha za watu hubadilika polepole hivi kwamba babu na mjukuu huelewana. Python ilibadilika kwa uamuzi. Toleo la 3 lilitolewa mwishoni mwa mwaka 2008 bila kukubali baadhi ya sentensi zilizokuwa sahihi katika toleo la 2, na toleo la 2 likakoma kutunzwa tarehe 1 Januari 2020. Kila aliyeandika zana yake kwa Python ya zamani alilazimika kuiandika upya au kuiacha. Yum iliachwa. DNF, mrithi wake aliyechukua nafasi yake katika Fedora 22 mwaka 2015, ilibakia na Python kwa nje, huku kazi nzito ya hesabu ikifanywa na maktaba za C.

Kisha kukaja kontena. Hili ni boksi dogo la programu linalobebwa kutoka seva moja hadi nyingine likiwa na vitu vya lazima tu. Mfumo wa Alpine, wenye zana ya vifurushi iliyoandikwa kwa C, ulipata umaarufu kwa sababu taswira yake ya msingi ina takriban megabaiti 5. Ghafla mkalimani mnene akawa tatizo tena. Fedora 41 ya mwaka 2024 ilihamia DNF5, iliyoandikwa kwa C++, na miongoni mwa sababu zake ni kuiwezesha zana kukaa mahali ambapo Python haipo. Kontena ni disketi iliyorudi kwa jina jipya. Hoja iliyoitoa RPM katika Perl ndiyo iliyoitoa DNF katika Python miaka mingi baadaye.

Jaribio la Haskell

Si kila aliyechagua aliongozwa na nafasi. Mwaka 2006, kikundi kidogo cha wahandisi wa kampuni ya Linspire, iliyokuwa na makao yake San Diego, Marekani, na iliyounda mfumo uliotokana na Debian, kilitangaza kuwa kimeichagua Haskell iwe lugha yake ya kazi za msingi za mfumo endeshi. Wenzi wengi walidhani ni mzaha. Haskell, iliyopewa jina la mwanamantiki Haskell Curry, ilijulikana zaidi vyuoni kuliko viwandani.

Hoja yao ilistahili kusikilizwa. Kazi ya kuunda vifurushi na kuvikusanya kuwa mfumo ilikuwa imetapakaa katika hati fupifupi za lugha nyingi, na hati za namna hiyo hazigundui kosa hadi kosa litokee. Kikundi kilikuwa cha watu wachache na hakikuwa na maabara kamili ya kujaribia mashine za kila aina. Haskell hukagua aina za data kabla programu haijaendeshwa. Sentensi isiyo na upatanisho wa kisarufi hukataliwa mlangoni. Anayejua ngeli za Kiswahili atalielewa hili upesi. Kama vile “kitabu limeanguka” linavyomkera msikilizaji kabla hajafikiria kitabu chenyewe, ndivyo kompaila ya Haskell inavyolikataa kosa kabla halijafika kwa mtumiaji. Kwa kikundi kisicho na wajaribuji, sarufi kali ikawa mjaribuji.

Kikundi hicho kilitangulia kujaribu OCaml, lugha nyingine ya ukoo huo iliyokuzwa katika taasisi ya INRIA, Ufaransa. Watafiti wa EDOS nao waliitumia OCaml kuandika kikaguzi cha vitegemezi vya Debian. Kwa hivyo hazikuwa ndoto za waota mchana. Hesabu ya mwaliko wa harusi ni hesabu ya mantiki, na lugha zilizozaliwa na wanamantiki ziliikabili bila woga.

Ila lugha haiishi kwa ubora wa sarufi yake. Mwaka 2008 Linspire ilinunuliwa na kampuni ya Xandros, na mradi wa kuujenga mfumo mzima juu ya Haskell ukakosa nyumba. Maktaba ya Haskell ya kushughulikia vifurushi vya Debian iliendelea kutunzwa na wachache waliobaki. Debian yenyewe, yenye mamia ya wachangiaji, haikuhamia huko. Waliojua kuirekebisha Perl mbaya walikuwa wengi. Waliojua kuirekebisha Haskell nzuri walikuwa haba. Msomaji wa fasihi anazifahamu tungo adhimu zilizobaki midomoni mwa wazee wachache kwa sababu vijana hawakufundishwa lugha yake.

Kuna kundi jingine lililojibu kwa namna ya pekee. Nix, iliyokuzwa na Eelco Dolstra katika Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, ilibuni lugha yake yenyewe ya kuelezea vifurushi. Guix, iliyoanza mwaka 2012, iliichukua fikra ya Nix lakini ikakataa kubuni lugha mpya, ikatumia Scheme, ambayo tayari ilikuwa na wasemaji. Mzozo huo unafanana sana na ule wa istilahi: kuunda neno jipya linalokaa sawasawa mahali pake, au kupanua maana ya neno ambalo watu wanalo.

Rust na Waliobaki Mlangoni

C, pamoja na wepesi wake, ina kasoro ambayo imewagharimu wengi. Humwachia mwandishi jukumu lote la kumbukumbu ya mashine. Akiandika kupita mpaka wa nafasi aliyotenga, lugha haimzuii, na mdukuzi huweza kupitia ufa huo. Rust, iliyofikia toleo lake la kwanza imara mwaka 2015, ilibuniwa kuuziba ufa huo bila kumrudisha mkalimani. Hufasiriwa mara moja kama C, na hukagua kabla ya kuendeshwa kama Haskell. Ndani yake sifa mbili zilizokuwa zikikimbiana zilikutana.

Oktoba 2025, mmoja wa watunzaji wa APT alitangaza kuwa zana hiyo ingeanza kuitegemea Rust, si kabla ya Mei 2026, kwa kuanzia na sehemu zinazosoma faili za vifurushi na kuhakiki saini. Hizo ndizo sehemu zinazopokea vitu kutoka nje, na kuanza nazo kuna busara. Lakini tangazo lilikuwa na upande wa pili. Aina za mashine ambazo hazikuwa na kompaila ya Rust inayofanya kazi zilipewa miezi 6 kuipata, la sivyo matawi yake yafungwe. Miongoni mwa zilizoguswa ni m68k, familia ya prosesa za Motorola zilizoanza mwaka 1979, ambazo watu wachache wa kujitolea wameendelea kuzitunzia Debian nje ya orodha rasmi.

Hapa ndipo mwanafunzi wa historia ya Kiswahili hutulia akatafakari. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, lahaja ya Kiunguja ilikwisha kuteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lahaja ya Mombasa yenye hazina kubwa ya ushairi, haikuteuliwa. Uteuzi huo ulileta vitabu vya pamoja, mitihani ya pamoja na uwanja mpana wa mawasiliano. Ulileta pia uchungu ambao haujaisha wote. Haifai kudai kuwa mashine kuukuu ina haki sawa na jamii ya watu. Kinachofanana ni muundo wa tendo: usanifishaji huwafaa wengi na hulipiwa na wachache, na wachache hao kwa kawaida hawakuwa mezani.

Mtetezi wa Rust ana jibu zito. Mamilioni ya mashine zinazotegemea APT haziwezi kubaki na ufa kwa ajili ya mashine chache za wakereketwa. Mtetezi wa mashine kuukuu naye ana lake: programu huru iliahidi kuwa chombo hakifi kwa sababu muuzaji amekichoka, na ahadi hiyo hupimwa kwa wachache, maana wengi hawaihitaji. Hakuna kati yao asemaye uongo.

Jambo moja laweza kupunguza ukali wa ubishi huo. Januari 2019 iligunduliwa dosari kubwa katika APT. Aliyekaa katikati ya mtandao aliweza kuidanganya zana hiyo ipokee kifurushi chake cha uovu na kukisakinisha kwa mamlaka kamili. Dosari hiyo haikutokana na kumbukumbu. Sehemu moja ya programu ilipokea maneno kutoka nje na kuyapitisha kwa sehemu nyingine bila kuyachuja, na maneno ya mgeni yakasomwa kama maneno ya mwenyeji. Hilo ni kosa la mantiki, na linaweza kuandikwa kwa sarufi safi ya lugha yoyote, Rust ikiwemo. Sarufi humzuia mtu kusema upuuzi usio na umbo. Haimzuii kusema uongo wenye umbo zuri. Lugha bora hupunguza makosa ya aina fulani na kuacha mengine yakingoja macho ya wasomaji. Ndiyo maana idadi ya wanaoweza kusoma ni sehemu ya usalama.

Hitimisho

Ipo methali isemayo mchagua jembe si mkulima. Katika shamba hili methali hiyo haikubaliki kwa urahisi, kwa kuwa jembe litatumiwa na watu ambao hawajazaliwa na kwenye udongo ambao haujaonekana. Walioichagua C katika miaka ya 1990 kwa ajili ya disketi hawakujua kuwa wanawafaa watu wa kontena. Walioichagua Python kwa ufasaha wake hawakujua kuwa lugha yenyewe ingewageuka. Waliochagua Haskell waliona sawasawa kuhusu makosa, wakasahau kuhesabu watu.

Alhasili, yanabaki maswali mawili ambayo mchaguzi wa lugha hana budi kuyajibu hadharani kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Siku ambayo kila kitu kimeharibika, je, zana hii itaweza kusimama bila kushikwa na kile inachopaswa kukileta? Na kwa kuichagua lugha hii, ni nani hawezi tena kuingia, na je, ameambiwa mapema kiasi cha kuweza kujiandaa? Muda wa miezi 6 waweza kuonekana mrefu kwa kampuni yenye wahandisi wengi. Kwa mtu anayetunza prosesa ya mwaka 1979 jioni baada ya kazi, asiyelipwa na yeyote, ni muda mfupi sana wa kuizalia lugha mpya kompaila.

Wanafunzi wa Kiswahili wana la kuchangia katika mjadala huu, hata wasipoandika mstari mmoja wa C. Wamesoma namna lugha zinavyoteuliwa, na wamesoma historia ya walioachwa. Wahandisi wanajua kupima kasi na nafasi. Kipimo cha mlango, yaani nani anaingia na nani anabaki nje, kimekaa muda mrefu katika madarasa ya isimu jamii, na huko mashambani kwa wahandisi kingali kinahitajika.